Kurasa Tatu Zisizohesabiwa

Bado nina hasira na yule karani, na sioni haya kusema hivyo.

Kikundi chetu cha akina mama, nje kidogo ya Kathonzweni, kilikuwa kinaomba saruji ya kujenga bwawa la mchanga mtoni, yaani ukuta unaozuia mchanga ili maji yabaki ndani yake. Mawe tulishayabeba wenyewe kwa migongo yetu, yakarundikana ukingoni. Kilichobaki ni saruji, na mvua haikuwa mbali. Ombi lilitakiwa lifike ofisini mjini kabla ya Ijumaa saa kumi. Ukichelewa, ngoja mwaka ujao, na mwaka kwetu ni miezi na miezi ya kuchimba mchanga na kuchota maji kikombe kwa kikombe.

Mimi ndiye katibu, kwa kuwa ni mwalimu na nina kompyuta. Kikundi hiki hakiandiki jambo lolote kabla ya majina. Mkubwa kuliko wote huweka kidole kwanza, wengine wanafuata kwa umri, ndipo maneno yaanze. Mkubwa wetu ni bibi mmoja ambaye sote tunamwita Susu, yaani nyanya. Alibonyeza kidole gumba mara tatu, maana mawe yalikuwa yamekisugua hata alama haitoki. Majina na vidole vyote vikajaza kurasa tatu, nami nikaviskani nikaviweka mbele. Maelezo yalikuwa kurasa ishirini. Kompyuta ikahesabu zote pamoja.

Jumatano nikapeleka. Karani hakusoma hata kichwa cha habari. Alifunua ukurasa wa mwisho, akatazama namba pale chini, akanirudishia.

"Imezidi, mwalimu. Hii ni twenty-three. Sisi tunataka twenty."

"Tatu za mbele ni majina tu."

"Basi usizihesabu. Hizo weka namba za kirumi, halafu moja ianzie kwa introduction. Hiyo ni kitu ya kawaida."

Kawaida kwa nani? Fomu yao haikusema neno juu ya kirumi, na mimi nimefundisha miaka mingi bila kuambiwa kwamba waraka mmoja unaweza kuhesabiwa mara mbili.

Nilikwenda saiba, kile kibanda cha kompyuta na kuprint. Mwenye kibanda akafuta namba kwenye kurasa tatu za mbele, zikapotea zote mpaka mwisho. Akazirudisha, zikarudi zote, ishirini na tatu vilevile. Akarudia mchezo huo mara nne huku akitafuna njugu. Mwishowe akasema, "Tuprint tu, madam, namba uandike na biro." Nilichukua flashi yangu nikatoka kabla sijamtukana.

Alhamisi, darasa langu likiwa uwanjani kwa mashindano ya michezo, nilikaa na kompyuta nikapambana nayo mwenyewe. Kumbe lazima uukate waraka baada ya majina, uwe sehemu mbili. Kisha unaingia pale chini penye namba na kuzima kiungo kinachofanya sehemu ya pili iige ya kwanza. Hapo ndipo unaweza kuipa ya kwanza kirumi na kuiamuru ya pili ianze na moja. Kazi ya dakika tano ukiijua. Mimi ilinilia asubuhi nzima, na niliitukana kwa Kikamba, kitu ambacho nawakataza wanafunzi wangu.

Ijumaa saa tisa nilikuwa mbele ya karani. Maneno yaleyale, karatasi zilezile. Akafunua mwisho, akaona ishirini, akagonga muhuri. Kisha akang'oa pini, akachomoa kurasa tatu za mbele na kunisukumia mezani.

"Hizi kaa nazo. Komiti inasoma kuanzia moja."

"Hao ndio watakaojenga," nikamwambia.

"Naelewa, mwalimu. Lakini hazihesabiwi. File itakuwa nono bure."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kugonga meza. Lakini saa ilikuwa ikienda na muhuri ulikuwa bado haujakauka, nikaogopa asije akabadilisha nia. Nikazikunja, nikazitia mkobani, nikasema asante. Asante hiyo ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Saruji ilikuja kabla ya mvua. Siku ya kuishusha, Susu alinishika mkono akaniuliza kama wale wakubwa mjini waliona kidole chake, maana kilitoka hafifu.

Nikamwambia walikiona vizuri kabisa.