Kibuyu Kilichoitika

Juzi mnadani Issuna nilinusa kibuyu cha zamani. Harufu ya uwele na majivu ikanirudisha utotoni.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, na kila mtu alikuwa anangoja mvua. Mama alirudi kutoka shamba la kijiji, jembe begani, akamkuta baba ameketi mlangoni. Mbegu zetu zote za uwele, zilizochanganywa na majivu zisiliwe na wadudu, alikuwa amezimwaga kwenye ungo. Kibuyu kilichozihifadhi alikuwa amekikata, anakiwamba ngozi kiwe zeze.

"Baba watoto, vibuyu viko vingi," mama alisema.

"Nimevigonga vyote. Kilichoitika ni hiki tu."

"Na mbegu?"

"Mimi silimi tena. Nitapiga zeze."

"Na watu wasipokuita popote?"

"Nitapiga."

Mama alimtazama sana. "Kama hatulimi," alisema, "hizi si mbegu tena."

Akazisaga juu ya jiwe bila hata kuzipepeta, akasonga ugali. Ulikuwa wa kijivu, unakwaruza ulimi. Sisi watoto tuliula kwa furaha, maana tulikuwa hatujashiba siku nyingi. Baba naye alikula, ameinamisha kichwa, halafu akanawa mikono na kulipakata zeze lake.

Lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kulia, mvua ikanyesha. Mama alikuwa bado anakomba chungu.