Nilivyofyeka mpaka wa shamba la babu kule Mumosho, enzi za Zaïre

Wakuu, natumaini mko salama humu ndani.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Kama kuna mwenyeji wa Bukavu humu, hasa wa upande wa Mumosho, anisahihishe nikikosea jambo. Mengi nayakumbuka kama ya jana asubuhi.

Juzi nimehamia nyumba nyingine. Mji wa nane huu, miguu yangu haijui kutulia. Mwenye nyumba akanipa panga nifyeke ua wa nyuma. Nikasimama karibu nusu saa namuuliza kuhusu kila mche: huu nani aliupanda? Na ule pale ni wa kazi gani?

Jamaa akadhani nimechanganyikiwa.

Story yenyewe ni hii.

Ilikuwa miaka ya themanini, nchi bado Zaïre. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari, nasubiri matokeo ya examen d'État, mtihani wa taifa, nyumbani kwa wazazi, Bagira, pale pale Bukavu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kulala na kusikiliza redio.

Lakini mtaani nilikuwa na sifa moja: panga.

Waliokuwepo wanaikumbuka Salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Mtaa mzima unatoka na majembe na mapanga kusafisha barabara na mitaro. Mimi nilikuwa nafyeka kwa mbwembwe, panga linazunguka juu ya kichwa, nyasi zinaruka, wasichana wa avenue yetu wanacheka. Nikajiona fundi.

Zile zilikuwa nyasi za kando ya barabara, hazifiki hata magotini. Hilo nalijua sasa.

Siku moja Papa akarudi kutoka ofisini sura imekunjamana. Ujumbe umefika kutoka Mumosho: shamba la babu, aliyefariki miaka mitatu kabla, limekuwa pori.

Kwetu shamba la mlimani halikuwa na karatasi. Babu alilipata kwa mkubwa wa kilima kwa kutoa ng'ombe, na linabaki la ukoo mradi lina mtu. Likiachwa, mwingine anaweza kuliomba.

Na aliyeliomba alishapatikana: jirani wa pale pale, Papa Bisimwa, mwenye vijana watatu wanaotaka kuoa na hana pa kuwaweka.

Jumamosi kapita, yaani msaidizi wa mkubwa wa kilima, angepita kulitazama. Akikuta pori, limekwenda.

Papa hakupata congé, likizo ya ofisini. Akanitazama pale kwenye kiti.

"Si weye ndiye champion ya Salongo? Enda. Koko Nabintu atakuonesha. Fanya vile atakuambia."

Koko ndivyo tunavyowaita mabibi na mababu. Huyu Koko Nabintu alikuwa dada wa marehemu babu, mama mwembamba, kiko hakitoki mdomoni, nyumba yake juu kidogo ya shamba.

Nikafika Jumatano, miguu imejaa vumbi kuanzia Panzi, mwisho wa mji. Koko akanipa fimbo yenye kulabu mwishoni.

"Hii ya mukono ya kushoto."

Nikamwambia fundi hahitaji fimbo. Akavuta kiko chake, hakubishana.

Wakuu, lile pori lilinidhalilisha. Matete yamenipita kichwa, chini yake miiba, na zile nyasi zinazokata ngozi kama wembe. Napiga panga, matete yanainama, kisha yanasimama tena. Baada ya saa moja viganja vimetoka malengelenge, na nimesafisha eneo la kutosha mbuzi mmoja kulala.

Upande wa pili wa shamba Papa Bisimwa alikuwa amekaa juu ya jiwe anatafuna muwa. Alikuja kama mtu anayekwenda kutazama mpira.

"Citoyen!" Mwananchi, ndivyo tulivyoitana enzi hizo. "Unakata majani ao unaipungia mukono?"

"Nakata, Papa."

"Bon. Majani yenyewe haijajua bado."

Alhamisi nikaichukua ile fimbo. Kumbe siri ni hiyo: kulabu inavuta fungu la majani na kulilaza, panga linapita chini kwa mshazari, karibu kabisa na udongo. Hakuna cha kuzungusha juu ya kichwa. Vuta, kata, sukuma pembeni. Vuta, kata, sukuma pembeni. Mwili ukakubali.

Kufikia Ijumaa mchana nilikuwa naruka, si nafyeka. Chini nauona mto Ruzizi unang'aa, upande wa pili ni Rwanda, nyuma yangu shamba jeupe kama kichwa kilichonyolewa. Koko alikuwa amekwenda sokoni.

Ndipo nikakuta upande wa Bisimwa mstari wa mimea mirefu, shina jembamba kama mkuki, majani yenye ncha yamekusanyika juu. Inashuka hadi kwenye kijito, hatua nne nne kati ya mmoja na mwingine. Ya aina ile nilishaiona mjini kwenye bustani za mapadri. Nikasema haya ni maua tu, na yanachafua kazi yangu.

Shina lake laini. Pigo moja, mmoja chini. Kumi na moja jumla.

Papa Bisimwa akaacha kutafuna. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano hakusema neno.

Nikadhani nimemkomesha. Hata nikamwinulia panga, saluti kama ya askari.

Koko aliporudi akasimama mwisho wa shamba, kikapu kichwani.

"Yooo! Nani alikata hii?"

"Mimi, Koko. Nimesafisha hadi majini."

Akakishusha kikapu, akakaa chini kwenye udongo.

Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa. Ile mimea ndiyo mpaka wenyewe. Babu na baba yake Bisimwa waliipanda siku moja, kila shina limeshikwa na mikono ya wote wawili, watu wamesimama wanatazama, pombe imenywewa. Hiyo ndiyo karatasi yetu. Anayeikata anatangaza kwamba mpaka haujui, na jirani ana haki ya kusema ulipokuwa.

Na kapita anakuja kesho.

"Enda kwa Bisimwa sasa, jua ikingali juu. Beba hii kasiksi." Nikashika kibuyu cha pombe ya ndizi mkono mmoja, panga mkono wa pili. "Eh! Mupanga acha hapa! Unaenda kuomba ao kupigana?"

Bisimwa nilimkuta uani kwake.

"Citoyen. Leo mukono haina mupanga?"

"Papa Bisimwa, nimekosa. Nimekata mipaka."

"Nilikuona. Hata ulinisalimia."

Nyuma ya nyumba nikamsikia mkewe anacheka hadi anakohoa.

"Sasa Papa, kama uliniona, kwa nini haukusema?"

Akajimiminia kasiksi, akanywa, akapangusa ndevu.

"Ile shamba mi niliiomba. Mwenyewe anakata mupaka, na mimi nipige kelele? Weye ungepiga?"

Nisingepiga.

"Kesho kapita ataniuliza iko wapi. Nitaona vile nitajibu."

Jumamosi kapita akaja anasukuma baiskeli, koti la kaki limefungwa hadi shingoni. Akatembea shamba zima. Akasifu kazi. Kisha akafika chini, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Na mupaka?"

Koko akawa anakagua kiko chake.

"Niliikata mimi," nikasema. "Sikujua."

Kapita hakuhangaika na mimi. "Bisimwa. Iko wapi?"

Wakuu, yule mzee angeweza kunyoosha kidole popote. Angeonyesha katikati ya shamba, nani angembishia? Mimi niliyekata?

Akainuka kwenye jiwe lake. Akaenda kwenye rundo la takataka zangu, akaanza kuchomoa yale mashina moja moja. Akaniomba panga, akachonga ncha.

"Kapita, hii miti upande moja baba yangu alishika. Haikuwa ya babu yake peke yake." Akanigeukia. "Citoyen, kuya. Shika."

Mmea ule haufi kirahisi, ukilichomeka shina kwenye udongo wenye maji linaota. Tukaenda kisiki hadi kisiki, mikono yake na yangu kwenye shina moja, tunasukuma pamoja. Mashina kumi ya kwanza, kila moja kando ya kisiki chake, sawasawa.

La mwisho lilikuwa pale kijitoni, kwenye udongo mweusi.

Bisimwa akakipita kisiki. Hatua moja upande wetu. Mbili. Akasimama, akaweka ncha chini, akanitazama. Safari hii hakuwa na mzaha usoni.

Kapita akageuka kutazama maji. Koko akakohoa, nami hadi leo sijui kikohozi kile kilimaanisha nini.

Kisiki nilikuwa nakijua. Nilikikata mwenyewe, na kilikuwa pale bado kibichi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja.

Lakini shamba lote la juu lilikuwa limekaa mdomoni mwa mzee yule tangu asubuhi, na alikuwa amelirudisha.

Nikashika. Tukasukuma.

Koko akaleta kasiksi, kapita akanywa wa kwanza, akasema shamba lina watu. Likaisha hivyo.

Baada ya mwezi Papa akapanda Mumosho na abacost yake ya ofisini, lile koti la enzi hizo lisilovaliwa tai. Akatembea mpaka wote, mikono nyuma, mimi namfuata. Mimea ilishaanza kutoa majani mapya. Alipofika kijitoni akageuka, akafumba jicho moja kama seremala anayepima ubao.

"Hii imepinda."

"Ndiyo, Papa."

"Bisimwa alishika na mukono yake?"

"Alishika. Mbele ya kapita."

Akautazama ule udongo mweusi.

"Pale ndipo marehemu koko yako alikuwa anapanda colocase, magimbi yake. Ilikuwa inatoka muzuri sana."

Kisha akapanga koti lake vizuri, akavuka mpaka, akaenda kumsalimia Bisimwa.

Nilichojifunza, wakuu: kufyeka kunahitaji mkono, lakini kujua cha kuacha kunahitaji kumuuliza mtu wa pale, hata kama mtu huyo ndiye anayekucheka. Na ukishakosa, nenda mapema, bila panga mkononi.

Sasa nanyi semeni. Kwenu mipaka inapandwa kwa mmea gani? Na mngekuwa mimi pale kijitoni, mngeshika lile shina au mngeonyesha kisiki? Nina ndugu ambao hadi leo wananilaumu, kwa hiyo msinionee huruma.