Moyo wa Mama na Enanga ya Ishengoma

Mwaka 1949 nilikuwa na miaka tisa, na ndipo shida ilipotushukia kijijini kwetu Izigo. Radi ilipiga nyumba yetu ya msonge mchana kweupe, mama yumo ndani anamenya ndizi. Alitoka mzima, lakini kuanzia siku ile sufuria ikianguka tu anashika kifua, jasho linamtoka, moyo unakimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Nyumba tulijenga upya. Moyo wake hatukujua wa kuujenga. Shule nikaiachia darasa la pili, maana nani angepika?

Mkicheka mwandiko wangu, chekeni. Ninyi wa rika langu mnajua raha tuliyokula! Tuliteleza mlimani juu ya magogo ya migomba mpaka nguo zikatoboka matakoni. Mpira wetu ulikuwa wa majani makavu ya migomba, na ulidunda. Tulitafuna kahawa iliyokaushwa, na senene, wale panzi wetu wa kukaanga, wakija kijiji kizima kilinuka mafuta. Mvua ikikaribia, nyasi zilizotandikwa ndani zilinukia mpaka unatamani kuzila. Lakini wenzangu wakishangilia mvua uani, mimi nilikuwa ndani namtazama mama shingoni, pale mshipa unapocheza.

Jirani yetu mzee Ishengoma, sisi watoto tukimwita Ta Ishengoma kwa heshima, alipiga enanga, ule ubao wetu Wahaya uliochongwa kama mtumbwi mdogo, wenye nyuzi. Jioni mama akiisikia kwa mbali, mabega yanamshuka. Nikamwambia baba. Baba alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kuchemka. Akanijibu, "Kokubanza, vitu vya pombe na mizimu haviingii kwangu. Mama yako atapona kwa nyimbo za Mungu."

Akawaleta wapiga tarumbeta wa kanisani. Wakajipanga mlangoni, mashavu yamevimba kama vyura. Walipopuliza, kuku walipanda juu ya paa na mama akaanguka kwenye nyasi. "Acheni jamani, waitu! Mbinguni nitakwenda siku yangu!" Leo nacheka peke yangu. Siku ile hakuna aliyecheka.

Wiki hiyohiyo wingu jeusi likapanda kutoka ziwani. Radi ya kwanza ilikuwa mbali, na tayari mama midomo imemkauka, pumzi anaiokota. Baba akamtazama, akaitazama Biblia yake, akatoka mbio. Alirudi amelowa chapachapa, enanga kajitwika kichwani imefunikwa majani ya migomba, Ishengoma nyuma anahema: "Polepole, mzee wa kanisa! Utaniulia chombo!"

Ishengoma akakaa, akaanza wimbo wa mashujaa na mikuki, maana ndivyo alivyozoea mbele ya wanaume wenzake na lubisi yao, pombe ya ndizi. Kiganja changu kilikuwa kifuani kwa mama. Moyo ukazidisha mbio! Nikapiga kelele, "Ta Ishengoma, vita hapana! Anakufa!"

Akalegeza vidole. "Basi, tuwarudishe ng'ombe nyumbani."

Akaimba ya ng'ombe wanaorudi jioni wameshiba, sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza ndama. Jamani, jamani! Niliusikia moyo kwa kiganja changu. Ulipunguza, ukatulia, ukaanza kutembea na zile nyuzi. Radi ikapiga karibu, nyumba ikatikisika, mama akashtuka. Ishengoma hakukatisha. Moyo uliruka kidogo, kisha ukarudi wenyewe kwa ng'ombe wake. Mvua ilipokatika mama akauliza, "Hivi nyumba hii leo watu hawali?"

Nilitoka nikarukaruka kwenye madimbwi kama kichaa.

Baba alikohoa. "Kesho uje tena, Ishengoma. Ila upitie migombani."

Alikuja masika yote. Mwishowe alipita barabarani, na baba ndiye aliyemfungulia. Mama akarudi shambani, akaishi mpaka uzee. Nami Ishengoma akanifundisha, ingawa kwetu enanga ni ya wanaume. Waliosema walisema, wakachoka.

Siku hizi daktari ananifunga kile kitambaa mkononi, ananiambia, "Bibi, presha hii. Kunywa dawa, na usikilize muziki wa taratibu." Nikamwambia, mjukuu wangu, hilo nililijua baba yako hajazaliwa. Dawa nakunywa; enanga haijanikataza dawa. Lakini hawa vijana! Wamepachika vidude masikioni, muziki unatwanga kama mchi, halafu wanalia stresi. Stresi ya nini, na shule mmemaliza? Enzi zetu muziki ulibebwa kichwani kwenye mvua na mtu mzima aliyeumeza ubishi wake. Sasa umo mfukoni mwa kila mtu, na mioyo inakimbia tu.

Shule sikurudi. Niliuza ndizi, nikanunua ardhi. Leo nina shamba la kahawa na migomba Izigo. Nyumba ya bati, ambamo mama alifia usingizini. Nyumba ya kupangisha Nyanga. Ng'ombe watatu. Redio moja, mbovu. Enanga moja, ya Ishengoma. Wingu likipanda ziwani, anayeipiga ni mimi.