Mkulima wa Status

Mimi kwenye picha ni mzuri kuliko nilivyo, na si siri. Nina duka la kutoa kopi hapa Singida mjini. Siku moja alikuja mteja anayenifuatilia mtandaoni, akaniangalia, akaangalia simu yake, akaniangalia tena. "Dada yupo?" akauliza. Nikamwambia dada ndiye huyu anayekusikiliza, unatoa kopi ngapi? Akasema samahani, nikasema ni mwanga tu wa dukani. Nilinuna hadi mchana.

Lakini nisijionee huruma, maana sote tuko humo. Asubuhi nikifungua simu kabla hata ya kuosha uso, nawakuta watu wangu wamejipanga. Kuna anayeegemea gari la wenyewe, mkono umekaa kwa makusudi pale kwenye namba. Kuna aliyelazwa, kaonyesha mkono wenye dripu, hujaambiwa anaumwa nini lakini kucha unaziona zimepakwa rangi juzi tu. Kuna aliyeweka kuku wa kienyeji mzima kwenye sinia na kuandika "chakula changu cha mchana". Mwongo mkubwa! Nilikuwepo, tulikuwa wanne, na mimi niliambulia shingo.

Nawacheka wote, halafu naangalia za kwangu nanyamaza. Niliwahi kupanda mawe yale makubwa ya kando ya ziwa, nikakaa juu kama malkia, upepo unapeperusha mtandio. Watu wakaandika "mrembo", "asili yetu", mioyo kibao. Picha haikuonyesha kwamba nilishuka kwa makalio, gauni likachanika nyuma, na wachungaji wawili wakaacha mbuzi wao waje kutazama. Nilirudi nyumbani nimejifunga mtandio kiunoni kama mtu anayekwenda msibani.

Sasa nifike kwenye alizeti, maana ndiyo iliyonitoa roho.

Alizeti zikichanua huku kwetu, hakuna mwenye simu anayebaki ndani. Kila shamba la kando ya barabara lina mtu katikati anacheka peke yake. Mwaka huu nikasema mimi sitaki kucheka tu, nataka nionekane ninayo kazi. Nikaazima gambuti za jirani, nikaazima na jembe lake, nikavaa gauni la njano, nikaenda Mwankoko, nje kidogo ya mji, na rafiki yangu wa kunipiga picha. Tukachagua shamba lililostawi kweli, tukaingia bila hodi. Nikaweka jembe begani. Nikavunja mashina mawili matatu nikitafuta pa kusimama. Mwenye shamba alitokea kwa mbali akipiga kelele, tukapiga picha ya mwisho haraka haraka tukaondoka mbio, gambuti zinanivuka. Jioni nikaipandisha. Chini nikaandika: "Ofisini kwangu leo. Kilimo kinalipa. Asante Mungu."

Haki ya Mungu, sikuwahi kupongezwa vile. Kuna mtu aliniomba ushauri wa mbegu, nami nikampa.

Mama yangu anaishi Kinampanda, kijijini upande wa Kiomboi, na simu yake ni ya tochi, haioni picha. Nilijiona salama. Kumbe jirani yake wa kwaya ana simu kubwa. Wiki mbili baadaye mama akanipigia, sauti imechangamka mpaka nikadhani kuna harusi.

"Mwanangu, kumbe unalima!"

Nikacheka kidogo. Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi, mtandao ulikuwa mzuri, sina cha kusingizia.

"Ila alizeti ikishachanua," akaendelea, "jembe la nini?"

"Nilikuwa nafukuza nyoka, mama."

Akanielewa. Halafu akanieleza kilichomfurahisha, na mimi nikakaa chini kwenye kiti cha wateja. Tangu baba afariki, shamba lake limelala. Baba mdogo alilitaka, na wazee wa ukoo walishasema kwamba kama hakuna mtoto wa nyumba ile anayeshika jembe, apewe yeye. Mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki, na nilishawahi kumwambia mama waziwazi kwamba udongo na mimi basi. Baada ya Pasaka wazee wakakaa kikao cha kumaliza jambo hilo. Mama akaenda na simu ya jirani. Akawazungushia picha mmoja mmoja. "Huyu hapa binti yake marehemu, yuko shambani, someni wenyewe alichoandika." Baba mdogo akaishiwa maneno, kikao kikafungwa, shamba likabaki kwetu.

"Umeniheshimisha," mama akasema.

Nikamwambia asante mama. Asante! Mtu mzima na akili zangu.

Nilidhani yameishia hapo. Mwezi wa sita, asubuhi, simu ikaita: mama yuko stendi, ameshashuka kwenye basi la Kiomboi. Kwetu mtu akivuna, ndugu hasubiri kualikwa. Nikamkuta amekaa juu ya magunia matupu, ana ungo, ana fimbo mbili za kupigia alizeti alizokata mwenyewe, na kisu kimefungwa kwenye kitambaa. Nikampa shikamoo, nikamwambia twende kwanza nyumbani ukapumzike, chai, maji ya moto. Akasema chai tutakunywa shambani. Nikasema nimeshavuna. Akasema basi nionyeshe mabua. Nikasema najisikia vibaya. Akanishika paji la uso, akasema huna homa, twende.

Mtu mwenye akili angesema pale pale stendi. Mimi nilichukua bajaji ya Mwankoko. Njia nzima nilikuwa naomba lile shamba liwe limevunwa na mwenyewe hayupo, nimwonyeshe mama mabua ya watu aridhike. Ndivyo nilivyokuwa nimefikia, jamani.

Tulikuta mwenye shamba na mke wake wako katikati wanakata vichwa. Mama akashuka, akaangalia shamba lote mpaka mwisho, akatabasamu vile ambavyo sikumwona akitabasamu tangu tumzike baba. Akadhani wale ni vibarua wangu. Akaingia na kisu chake.

"Habari za kazi, wanangu!"

"Salama, shikamoo mama," mwenye shamba akajibu. Halafu akaniona mimi nyuma, akanitazama vizuri, akaanza kucheka. Hakuwa na ubaya wowote, mtu wa watu. "Aaa, wewe si yule wa gauni la njano? Uliyenivunjia mashina yangu? Sasa leo umechelewa, binti. Maua yameshakauka. Rudi mwakani upige picha tena."

Mke wake naye akacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

 Mama, kisu mkononi, akamwangalia yule baba, akaniangalia mimi. Kisha akamwambia mwenye shamba, kwa adabu kabisa, "Tulikuja kukusaidia, baba." Akainama akaanza kukata. Nikachukua kisu cha mke wa mwenye shamba nikamfuata. Nilikata vibaya, vichwa vikaniangukia miguuni, mkono ukaota malengelenge kabla sijamaliza mstari mmoja, na hakuna aliyenipiga picha.

Nikamwambia kila kitu nikiwa nimeinama, maana usoni nisingeweza. Kwamba sina shamba. Kwamba jembe lilikuwa la jirani, gambuti za jirani. Kwamba nyoka hakuwepo. Nililia, tena kwa kamasi. Nilitegemea anigombeze kwa Kinyiramba, lugha anayoitumia akikasirika, na ningeshukuru. Aliendelea kukata mpaka mwisho wa mstari. Ndipo akanyoosha mgongo, akakaa juu ya magunia yake matupu, akajifuta jasho kwa kitenge.

"Wazee nimewaambia mimi," akasema. "Si wewe. Ni mimi niliyesimama mbele yao."

"Najua, mama."

"Kesho napanda basi. Watanikuta stendi ya kwetu, watauliza binti yako amevuna magunia mangapi." Akanitazama, na hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anauliza kweli. "Wewe si ndiye unayejua maneno ya kuweka chini ya picha? Nipe na mimi nitakayowaambia."