Kidole Kilichokuwa Kikisoma

Tarehe tisa Februari 2012, bibi Mchina niliyeajiriwa kumtunza ughaibuni, mjini Al Wakrah, ambaye sasa ni marehemu, alipoteza uwezo wa kusoma. Asubuhi alifungua gazeti lake la Kichina, akaligeuza juu chini, akaligeuza tena, kisha akalikunja. Aliongea vizuri na alimjua kila mtu. Hospitalini walisema ni kiharusi kidogo.

Gazeti halikumuuma sana. Kilichomuuma ni karatasi nyekundu iliyobandikwa kando ya mlango, yenye herufi nne ambazo mumewe aliziandika kwa brashi kabla ya kufa. Bibi hakuwahi kupita mlangoni bila kuzisoma kwa sauti ndogo. Sasa alisimama mbele yake kama anaangalia ukuta mtupu.

Nesi wa hospitali alikuwa Mkenya mwenzangu. Nilimuuliza kama macho yameharibika.

"Macho ni mazima, dada. Kwenye ubongo, pale pa kusomea ndipo palipokufa. Lakini mkono una kumbukumbu yake. Hawa watu wameandika hizo herufi tangu utotoni mpaka vidole vinazijua. Mpitishe kidole juu ya herufi zenyewe, labda mkono utaukumbusha ubongo."

Tuliporudi nyumbani nikabandua karatasi, nikaiweka mezani, nikashika kidole chake. Nilianzia kona ya chini, nikazunguka, nikarudi, ili pasibaki mahali. Bibi akatikisa kichwa. Nikarudia. Binti yake, ambaye ndiye aliyeniajiri, alirudi kutoka ofisini West Bay akatukuta hivyo.

"Unamsomesha mama au unafuta meza?"

"Madam, si umbo ni lile lile?"

"Umbo peke yake halitoshi. Kila mstari una zamu yake. Angalia wino. Pale ulipo mzito baba ameanza. Pale unapokonda ameinua mkono. Mfuate yeye."

Akanionyesha. Nikakishika kidole tena, safari hii kwa zamu. Kabla sijamaliza herufi ya kwanza bibi alisema neno kwa Kichina. Binti akageuka upande wa friji.

"Amesema 'kutoka'," akaniambia.

Zilizobaki zikaja moja moja: kuingia, na mbili za mwisho ambazo pamoja ni salama. Mzee alikuwa ameandika, kutoka na kuingia salama.

Tangu siku hiyo tulisoma kila asubuhi baada ya uji. Mimi nilitegemea macho yatajifunza upya. Hayakujifunza. Akiinua tu kidole, herufi inapotea. Nesi aliponiona tena kliniki aliniambia nisimpe binti matumaini. Sikuwa nampa binti. Nilikuwa najipa mimi.

Mwaka uliofuata kiharusi cha pili kilichukua mkono wa kulia, na maneno pia. Nilijaribu kidole cha kushoto, lakini mkono huo haukuwahi kuandika, na haukuwa na la kukumbuka. Basi nikakifungua kiganja chake cha kushoto, nikaandika kwa kidole changu herufi ya kwanza, kwa zamu yake, kama mzee alivyoiandika. Nikaandika tena polepole. Hakuangalia kiganja. Aliniangalia usoni, kwa upole, akingoja nimalize ninachofanya.

Nilipomaliza, akautoa mkono wake, akauelekeza kwenye birika. Nikammiminia maji ya moto, nikayapoza kidogo, nikamnywesha.