Msimu Nilioamia Ndege Ili Mama Arudi

Harufu ya mpunga unaokaribia kukomaa huwafanya wageni wa Kyela wafumbe macho na kuusifu wali kabla haujafika sufuriani. Mimi harufu hiyo hunikasirisha. Nimezeeka na hasira hii, nimeisomesha hadi chuo kikuu, na bado haijajua adabu. Ilianza nilipokuwa na miaka tisa, kule Mwaya, mama yangu alipoondoka nyumbani asubuhi moja na khanga zake kwenye beseni, na hakuna mtu mzima aliyeona nastahili kuambiwa sababu.

Nilipouliza, alinijibu shangazi, dada wa baba aliyekuja kutupikia. “Mama ameenda Makwale kumwuguza bibi yako. Atarudi tukivuna. Wewe amia ndege vizuri.” Basi nikaamia. Kila alfajiri nilipanda juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, miguu ikiwa baridi kwa umande. Kamba zenye makopo matupu zilitoka pale hadi pembe zote za shamba. Nikizivuta, ndege waliinuka kwa pamoja kama moshi. Watoto wengine waliamia kwa zamu na kucheza. Mimi nilikataa kushuka hata kula, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Jirani mmoja akipita alinitania: “Ndaga fijo, asante sana, askari! Huyu baba yake asimwoze, amfanye mlinzi.” Wenzake wakacheka. Wote walijua mama yangu yuko wapi na kwa nini.

Tukavuna. Nilioga, nikavaa gauni la kanisani, nikakaa kando ya njia siku tatu. Jioni ya tatu nikamwuliza shangazi mbona mama hajaja. Alikuwa akipepeta, hakuinua hata macho. “Mpunga wenyewe uko wapi? Ndege wamekula nusu.” Labda alitania, labda alikuwa amechoka. Mimi nikakumbuka mchana mmoja niliosinzia juu ya dungu, nikajua kwamba mchana ule ndio uliomzuia mama kurudi.

Ukweli niliupata kwa mama mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na minne. Baba alimfukuza. Mara mbili alikuja kuniona, na mara zote mbili shangazi huyohuyo alimrudisha njiani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwetu ilipendwa zaidi ile ya funika kombe mwanaharamu apite. Mimi sikupita. Nilibaki palepale, nikilikodolea macho kombe.

Ndiyo maana mume wangu akichelewa dakika ishirini huanza kutafuta nilichokosea, na kwa kuwa kutafuta huko kunauma, humtafutia yeye kosa kwanza. Nimewafukuza wengi hivyo, kwa sauti kubwa, kabla hawajapata nafasi ya kuondoka wenyewe. Nilipokwenda kwa mshauri nasaha nilimweleza nadharia za malezi kama ninayefundisha darasa. Alisikiliza, kisha akauliza, “Na yule mtoto, nani alikuwa akimlinda yeye?” Nikamwambia swali lake ni jepesi mno. Nikalia mpaka muda wangu ukaisha.

Mwaka jana nilimfuata shangazi. “Tulikuwa tunakulinda, mwanangu,” akasema. “Ungelia.” Nikamjibu kwamba nimelia miaka arobaini, na sikumjibu kwa upole. Watu huniambia kwamba kusamehe ni dawa. Huenda. Lakini kwanza kidonda kiitwe kidonda.

Mwezi uliopita mume wangu alihamia kwa kaka yake, baada ya ugomvi niliouanzisha mimi. Binti yetu Atupele, mwenye miaka kumi, alisimama kwenye mlango wa jiko. “Baba anarudi lini?” Jibu tamu lilinijia lenyewe ulimini: shule zikifungwa, ukifanya vizuri mtihani. Nikalimeza kama mtu anayemeza mwiba wa samaki.

“Sijui, Atu. Tumegombana. Si kosa lako.”

“Ni lako?”

“Sehemu kubwa, ndiyo.”

Katika umri wake, mimi sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuulizwa swali kama hilo, sembuse kulijibu. Yeye alivuta kigoda, akaketi mbele yangu.

“Haya,” akasema. “Mligombania nini?”