Siku bodi ya taa ya kliniki ya Likoni ilipomwita Siti

Wakuu, hamjambo nyote.

Juzi kuna mtu aliuliza humu kama yupo aliyewahi kuziandika zile bodi za taa, zenye maneno yanayopita mbio mbio. Mimi niliwahi. Nitawasimulia ilivyokuwa, na chumvi sitatia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mapokezi katika kliniki moja ya binafsi kule Likoni, ndogo tu, daktari mmoja na muuguzi mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha wagonjwa na kuwaita zamu yao ikifika. Nikiita kwa mdomo, na sauti alhamdulillahi ninayo.

Daktari wetu tumwite Mwamburi. Mtu wa Taita, mpole, lakini mkali wa vitu vyake. Siku moja alivuka kwa feri kutoka kisiwani na bodi ndefu nyeusi. Fundi aliyemuuzia akaja akaitundika ukutani, akabonyeza remote yake, maneno yakaanza kupita kwa taa nyekundu:

KARIBU KLINIKI YETU. TUNAPIMA DAMU, MKOJO NA MARALIA.

Naam wakuu, MARALIA.

Tena ilitundikwa ndani, inatazama mabenchi. Yaani aliyekwisha kuingia na kuketi ndiye anayeambiwa karibu. Lakini watu waliipenda. Kuna wazee walikuja kuuliza bei ya dawa ya kikohozi, wakaketi kuitazama, wakaenda zao bila dawa.

Daktari akaniambia, "Rukia, hiyo usiiguse. Ikiharibika, fundi wake kumpata ni shida."

Nikamwambia, "Sawa, Daktari."

Sasa nije kwa Mwanasiti.

Huyu alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Shika Adabu, binti wa makamo yangu, mwenye mimba yake ya kwanza. Hasikii tangu utotoni. Alisoma shule ya viziwi, kusoma na kuandika anajua vizuri, tena mwandiko wake mzuri kuliko wangu.

Kila Jumatatu, siku ya waja wazito, alikuja na mamake, Bi Zuhura. Nikiita jina, mama ndiye anayesimama. Mama ndiye anayeingia mbele. Daktari akiuliza, mama ndiye anayejibu. Mwanasiti anaketi pale anatazama midomo yao, na mimba ni yake.

Bi Zuhura hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa ameyafanya hayo tangu mwanawe mdogo, akayazoea.

Kuna Jumatatu Bi Zuhura aliumwa, Mwanasiti akaja peke yake. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye hitima ya shangazi yangu. Aliyenishikia kazi akaita jina lake, kimya. Akaita tena, kimya. Akadhani ameondoka, akampita. Mwanasiti akakaa kwenye benchi mpaka milango inafungwa. Akarudi nyumbani bila kupimwa, na miguu imemvimba.

Wiki iliyofuata alirudi na mamake. Presha ilikuwa juu. Daktari akasema haya si ya mchezo, apimwe kila wiki bila kukosa.

Walipotoka kwa daktari, Mwanasiti akaja mezani kwangu, akachukua kalamu akaandika: "Mimi ni mke wa mtu. Nataka kuja mwenyewe."

Nikaandika chini yake: "Utasikiaje nikikuita?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu mzito wa kufahamu. Akainua kidole akaonyesha bodi. Kisha akajigusa kifua.

Wallahi siku zote nimekaa chini ya ile bodi, na fikra hiyo haikunijia.

Mchana ule, daktari alipokwenda kula, nikaitoa remote kwenye droo. Ilikuwa na vitufe vidogo kama punje za mtama, na kitabu cha maelezo cha Kiingereza kilichopinda pinda. Nikabonyeza palipoandikwa PROGRAM.

Bodi ikazima yote. Ikabaki nukta moja nyekundu pembeni, inapepesa.

Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile. Nukta ile ile. Wagonjwa kwenye benchi wanaitazama, wanarudi kunitazama mimi. Mzee mmoja akasema taratibu, "Mwanangu, hiyo umeiua."

Daktari akaingia. Akaiona.

Sikumzunguka. Nikamweleza habari ya Mwanasiti yote, tangu ile siku aliyokaa mpaka jioni. Akasikiliza, uso haubadiliki. Kisha akasema, "Kwanza irudishe ilivyokuwa. Mengine tutazungumza."

Wakuu, nikakaa na kile kitabu. Nikafahamu kwamba bodi ina page, yaani kurasa, kila page na herufi yake, A, B, C na kuendelea. Unachagua page, unachagua rangi, unachagua maneno yaje vipi, ndipo unaandika herufi moja moja. Ukimaliza unabonyeza RUN. Mimi nilikuwa nimefungua page tupu, basi. Haikufa.

Nikairudisha. Na nilipofika kwenye MARALIA nikaandika MALARIA.

Daktari akasimama akaisoma mpaka mwisho. Akacheka kidogo kwa pua. "Haya," akasema, "Jumatatu moja. Tuone."

Nikaanza mazoezi. Jaribio la kwanza liliniangusha: jina lilipita mara moja likatokomea. Mtu akiinamia mshono wake, limempita kama lile la mdomo. Nikapata namna ya kulifanya lisimame pale pale na kuwaka na kuzima. Lakini MWANASITI halikuenea kwenye bodi. Likasimama MWANASI, na TI imekatwa.

Nikampelekea ujumbe kwa mumewe, aliyekuwa akipita hapo akienda kazini bandarini: muulize mkeo anataka aitwe nani. Jibu likarudi kwa karatasi: "Siti. Rangi ya kijani."

Shida nyingine ilikuwa mwendo. Kuandika jina kwa ile remote ni kazi ya polepole kama kusuka ukili, na daktari hangoji. Basi nikaamua jina la Siti niliandike mapema, anapofika tu, kwenye page yake. Daktari akigonga kengele, mimi nabonyeza herufi moja.

Jumatatu ikafika. Benchi zimejaa. Mwanasiti akaja, na Bi Zuhura nyuma yake, hakukubali kubaki nyumbani. Wakaketi. Mwanasiti akatoa kitambaa chake akaanza kushona, lakini jicho moja liko juu.

Kengele ikalia. Nikabonyeza.

Bodi ikazima. Kisha katikati, kwa kijani, kubwa: SITI.

Ikawaka, ikazima, ikawaka.

Mwanasiti akainua kichwa. Akakunja kitambaa chake polepole, akakitia kwenye mkoba, akasimama. Bi Zuhura naye akasimama, kwa mazoea.

Mwanasiti akamwekea mamake mkono begani, akamketisha.

Akaingia peke yake, karatasi na kalamu mkononi. Mlango ukafungwa.

Bi Zuhura akabaki anautazama ule mlango, kisha akanigeukia. "Leo nimeambiwa nikae," akasema. Machozi yanamtoka na huku anacheka.

Walikaa sana mle ndani, wakiandikiana. Alipotoka, kichwa juu, akapita kwenye benchi kama bibi harusi. Presha imeshuka.

Basi siku ile kila mtu akataka kuitwa kwa taa. Yule mzee aliyesema nimeiua bodi akaja mezani, akataka jina lake litanguliwe na HAJI, tena kwa kijani kama la yule binti. Nikamwandikia. Jioni daktari akaniambia, "Rukia, majina yote yawe hivyo. Na remote ikae kwako."

Nilitembea mpaka nyumbani siioni njia kwa furaha.

Mwanasiti alijifungua salama, mtoto wa kike. Alipomleta kwa chanjo, nikamuuliza kwa karatasi jina la mtoto ili niliandike. Akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono. Nikampa remote.

Akaandika mwenyewe, herufi moja moja, mtoto kamlaza begani, sisi sote tunangoja: NEEMA. Akachagua kijani. Akabonyeza RUN.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: tulikuwa tunasema Mwanasiti hasikii, kumbe sisi ndio hatukuwa tumemwita. Njia tulikuwa nayo ukutani, na tuliitumia kuwakaribisha watu waliokwisha kuingia.

Nataka kusikia kutoka kwenu. Nani mwingine humu aliwahi kupambana na zile remote? Na kama una mtu wako asiyesikia, siku hizi hospitali zinamwitaje? Uwanja ni wenu.